Mtangazaji Akiondolewa, Watazamaji Waambiwe

Katika mdahalo wa mwisho wa muhula uliopita tulipewa hoja hii: "Mtangazaji wa televisheni ni mtumishi wa kituo chake, na kituo kina haki ya kumnyamazisha." Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioipinga. Tulishindwa kwa haki, maana nilisema kwa hasira, na nusu ya dakika zangu niliitumia kumjibu msemaji aliyenitangulia juu ya mambo yasiyohusu hoja, hata kengele ikalia nami sijafika katikati. Sasa hasira imenitoka, nami naomba nafasi katika jarida letu niseme yale ambayo jioni ile sikuyasema.

Pengine mzazi asomaye maneno haya atauliza, watoto wa Saza na ugomvi wa watu wa televisheni wapi na wapi? Ni kweli kwamba sisi si watazamaji wakubwa. Bwenini hakuna televisheni, simu haziruhusiwi, na ile iliyo bwaloni hufunguliwa Jumamosi usiku, na siku wachezapo Taifa Stars, ikiwa umeme upo. Hata huko nje wachimbaji wa dhahabu watokapo mashimoni huenda kwenye vibanda umiza kwa ajili ya mpira, si kwa ajili ya mazungumzo. Walakini mtu akitazama kipindi mara moja tu kwa juma, atamzoea mtangazaji wake kama amzoeavyo mwalimu wa somo. Ataijua sauti yake, atajua ni lini anatania na ni lini anasema kweli tupu. Siku asipoonekana, watu hutazamana na kuulizana, "Yu wapi yule bwana?" Swali hilo ndilo nitakalo kulizungumza, kwa kuwa mara nyingi halijibiwi.

Mfano ulio karibu nasi umetoka Kenya. Katika mdahalo ulitajwa nusunusu, basi nitaueleza kwa urefu kidogo.

Tarehe 30 Januari, 2018 kiongozi wa upinzani wa Kenya, Raila Odinga, ambaye alifariki dunia mwezi wa Oktoba, 2025, aliapa mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Uhuru Park mjini Nairobi kuwa "rais wa wananchi". Serikali ya Kenya haikutaka kiapo hicho kionekane katika televisheni. Kabla ya siku hiyo Linus Kaikai, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kituo cha NTV na pia mwenyekiti wa chama cha wahariri wa Kenya, alitoa taarifa kwamba wakuu wa vyombo vya habari waliitwa Ikulu wakaonywa wasirushe tukio hilo moja kwa moja, la sivyo vituo vyao vitafungwa. Siku ilipofika, mitambo ikazimwa kweli. NTV, KTN News, Citizen na Inooro vikatoweka hewani, na watu wa Kenya waliofungua televisheni zao wakakuta giza.

Kesho yake Kaikai na watangazaji wenziwe wawili, Larry Madowo na Ken Mijungu, walipata habari kwamba polisi wanawangoja nje ya jumba la ofisi yao. Hawakutoka. Walilala pale pale katika chumba cha habari. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliamuru vituo vifunguliwe, lakini amri hiyo haikutimizwa siku hiyo wala ya pili yake. NTV na KTN zilirudi tarehe 5 Februari, na Citizen ikangoja mpaka tarehe 8.

Mpaka hapo mtangazaji na kituo chake walikuwa upande mmoja. Walizimwa pamoja, wakaogopa pamoja, wakaenda mahakamani. Kama habari ingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini Larry Madowo alikuwa na kazi mbili katika kampuni ile ile. Jioni alionekana NTV, na kila juma aliandika safu yake katika gazeti la Daily Nation. Gazeti na kituo vyote vilikuwa vya kampuni moja, Nation Media Group, ambayo wakati huo ndiyo iliyomiliki pia gazeti la Mwananchi ambalo wazazi wetu hulisoma hapa nchini. Mapema mwaka huo wa 2018, baada ya Madowo kuandika juu ya jinsi serikali ilivyovitendea vyombo vya habari, safu yake ikafutwa. Mwenye kuwatangazia watu jambo hilo alikuwa yeye mwenyewe, katika kurasa zake za mtandaoni. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuajiriwa na BBC kuwa mhariri wa habari za biashara za Afrika, na mwaka 2021 akaenda CNN. Kaikai naye aliondoka NTV mwaka ule ule akahamia kampuni ya Royal Media Services, wenye kituo cha Citizen. Tena mwezi wa Machi, 2018 waandishi wanane wa safu katika magazeti ya kampuni hiyo walijiuzulu siku moja, wakasema hawaoni tena uhuru wa wahariri. Kampuni ilikana, ikasema uhuru huo upo kama ulivyokuwa.

Nami nakumbuka hapa Mtanzania mwenzetu, Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alichora vikatuni katika gazeti la Nation tangu mwaka 1992, na yeye ndiye aliyebuni vile vikaragosi vya kipindi cha XYZ Show vilivyowafanya Wakenya wacheke viongozi wao katika televisheni. Mwaka 2016 mkataba wake haukuongezwa. Mtu wa miaka zaidi ya ishirini kazini! Nadhani hata mlinzi wa lango angestahili kuagwa kwa chai.

Sasa nataka niwatendee haki wale walionishinda. Msemaji wao wa kwanza alisema jambo ambalo sikuweza kulijibu siku ile, na hata leo nalijibu nusu tu. Alisema kituo cha televisheni si mtu mmoja anayeonekana kiooni. Nyuma yake wapo mafundi, madereva, wapiga picha, wapishi wa kantini na watu wa matangazo ya biashara, na wote wanalisha watoto. Kituo kikifungiwa kwa sababu ya ulimi wa mtangazaji mmoja, wote hao watalala njaa, naye mtangazaji, kwa kuwa ana jina, atapata kazi mahali pengine kabla ya mwezi kuisha. Akatoa mfano wa lori lililobeba abiria: dereva akitaka kushindana na askari wa barabarani, na ashindane, lakini kwanza awashushe abiria.

Maneno hayo yana uzito. Mimi nimekulia Tunduma, naijua foleni ya malori pale mpakani, nami najua utingo hula kwa kuwa gari limekwenda. Mwenye kituo ana haki ya kuamua nani aketi katika kiti chake, kama vile mwenye duka ana haki ya kuchagua muuzaji. Kwa hiyo siwatetei watangazaji kwamba wasiguswe. Wapo pia watangazaji wanaostahili kuondolewa, kwa matusi, kwa uongo, kwa kupokea fedha ili wamsifu mtu. Atakayesema kila mtangazaji aliyefukuzwa ni shujaa atakuwa hajatazama televisheni muda mrefu.

Lakini hesabu ya rafiki yangu ilikuwa na kasoro. Alihesabu mwenye kituo, akamhesabu mtangazaji, akahesabu hata mpishi wa kantini, akamsahau aliye mbele ya kioo. Katika ugomvi huu wa watu wawili yupo wa tatu. Ndiye anayelipia king'amuzi, ndiye anayenunua sabuni inayotangazwa, ndiye aliyeketi sakafuni bwaloni kwa kuwa benchi zimejaa. Huyo haulizwi kitu, wala haambiwi kitu. Juma hili anaambiwa, "Karibuni, mimi mwenyeji wenu," na juma lijalo mtu mwingine anaketi pale pale, anatabasamu, anasema maneno yale yale, kana kwamba wa kwanza hakupata kuzaliwa.

Ili isionekane kwamba nataka jambo lisilowezekana, naomba tuvuke bahari kidogo. Mmoja wa upande wetu aliitaja Marekani katika mdahalo pasipo kueleza, na watu wakacheka. Kisa chenyewe ni hiki.

Kituo cha NBC cha Marekani kina kipindi cha usiku kiitwacho The Tonight Show, cha mazungumzo na mzaha, ambacho kimerushwa tangu mwaka 1954. Tarehe 1 Juni, 2009 kipindi hicho alikabidhiwa mcheshi mmoja, Conan O'Brien, baada ya kukisubiri kwa miaka. Aliyemtangulia, Jay Leno, hakuondoka. Kituo kikampa kipindi kipya saa nne usiku, yaani mapema kuliko kile cha Conan. Mpango huo haukufaa. Vituo vidogo vya mikoani vinavyorusha matangazo ya NBC vilinung'unika kwamba watu wanazima televisheni wakati wa Leno, hata taarifa za habari zinazofuata zinakosa watazamaji. Hapo wakubwa wakataka kumrudisha Leno saa tano na dakika 35 usiku, na Conan asogezwe mpaka saa sita na dakika tano.

Kwetu sisi tunaozimiwa taa mapema, dakika thelathini za usiku wa manane ni kitu gani? Lakini Conan alikataa. Tarehe 12 Januari, 2010 aliandika barua kwa watu wote, akasema kipindi hicho kwa miaka mingi kimefuata taarifa ya habari ya usiku, na kwamba kukisukuma mpaka siku ya pili ni kukiharibu, naye hatakuwa mmoja wa waharibifu. Kwa muda wa siku kumi baada ya hapo kila usiku alikidhihaki kituo chake, katika kituo chicho hicho, kwa umeme wao na taa zao. Nao wakamwacha! Tarehe 22 Januari, 2010 alifanya kipindi cha mwisho. Usiku huo hakutukana. Aliishukuru kampuni aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka ishirini, akawasihi vijana wasiwe watu wa uchungu na dharau. Kisha akaenda zake. Mapatano yalitangazwa magazetini, yapata dola milioni 45 kwa jumla, ambazo dola milioni 12 hivi zilikuwa za wafanyakazi wake waliokuwa wakipoteza kazi pamoja naye. Kwa mujibu wa mapatano hayo hakuruhusiwa kurudi katika televisheni mpaka Septemba ya mwaka ule, naye akautumia muda huo kuzunguka nchi yake akiwachekesha watu majukwaani. Novemba akaanza kipindi kipya katika kituo kingine.

Naomba wale walionizomea watazame mambo mawili hapo. La kwanza ni ile fedha ya wafanyakazi. Rafiki yangu wa lori alidai mtangazaji mwenye jina hushindana na askari akiwa amebeba abiria. Huyu alishindana, lakini aliwashusha abiria kwanza, tena akawapa nauli. Kwa hiyo inawezekana. Mtangazaji atakaye kugombana na wakubwa wake na aanze kwa kuuliza ni nani watakaoanguka naye, na asipouliza hilo mimi sitampigia makofi.

La pili ndilo kubwa kwangu. Ugomvi wa Marekani ulikuwa juu ya saa na fedha. Hakuna aliyelala ofisini kwa kuogopa polisi. Ule wa Nairobi ulikuwa juu ya jambo zito, kama raia wana haki ya kuona linalotendeka katika nchi yao. Lakini angalia. Lile dogo lilielezwa waziwazi mpaka senti ya mwisho, na mtazamaji akaagwa usoni. Lile zito likapita kwa barua za ndani, na msomaji aliyeizoea safu akapata habari zake kwa mwandishi mwenyewe katika mtandao. Kama kampuni ilikuwa na sababu njema, na huenda ilikuwa nazo, mahali pa kuzieleza palikuwa ni pale pale safu ilipokuwa ikitokea, kwa herufi zile zile.

Tusidhani pia kwamba kila mkubwa wa kituo humtupa mtu wake. Mwezi wa Machi, 2017 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliingia usiku katika studio za Clouds akiwa pamoja na askari wenye silaha, jambo lililohusu habari ambayo kipindi cha Shilawadu kilikuwa hakijairusha kwa kuwa upande wa pili haukuwa umesikilizwa. Marehemu Ruge Mutahaba, aliyekuwa mkurugenzi pale, alisimama akaeleza yaliyotokea, na Waziri wa Habari wa siku zile, Nape Nnauye, akaunda kamati ya uchunguzi. Siku chache baadaye Waziri huyo hakuwa tena katika uwaziri. Sitaki kuingia katika siasa, na mwalimu mlezi wa jarida amekwisha kunionya kwa kalamu nyekundu. Nasema tu kwamba watangazaji wale hawakuachwa wajieleze peke yao. Mkubwa wao alijitokeza, na watazamaji wakasikia habari kutoka kinywani mwake.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilinitia hasira kiasi cha kusahau hoja.

Kabla ya kuja Saza nilisoma katika shule nyingine, mbali na hapa, ambayo sitaitaja. Nilikuwa kidato cha pili, nami ndiye niliyesoma taarifa ya habari ya shule kila Jumatatu mstarini. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na daftari langu la habari lenye jalada la kaki, na wadogo wa kidato cha kwanza walinipisha bombani. Jumatatu moja nilisoma kwamba maharage ya Alhamisi yalikuwa yamebunguliwa na wadudu walionekana katika sahani. Ilikuwa kweli, kila mtu aliwaona. Kicheko kikawa kikubwa. Jumatatu iliyofuata, nilipokuwa nikikunja karatasi yangu tayari kwenda mbele, aliitwa mvulana mwingine. Akasoma. Hakuna aliyesema neno juu yangu, si siku ile wala siku nyingine.

Nami nilifanya nini? Nilifanya vibaya. Nilisimama bombani jioni ile nikawaambia watu kwamba nimeonewa, kwamba shule inaogopa ukweli, kwamba yule aliyepewa nafasi yangu ni kibaraka. Yule mvulana alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukigawana dawa ya meno. Hakunisemesha tena mpaka nilipohama.

Kwa kuwa wenye shule walinyamaza, nami nikasema ya kwangu tu, wengine walijitungia. Wa kwanza akasema nimefukuzwa mstarini. Wa pili akasema nimefukuzwa shule. Habari iliposafiri katika mabasi, ikapita kwa mfanyabiashara mmoja mpaka sokoni Tunduma anakouza mama yangu mchele, ilikuwa imekuwa hivi: mwanawe amekamatwa kwa kuiba maharage ya shule.

Nilifika nyumbani likizo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba." Akanipa chakula, akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, uliiba kiasi gani, tukalipe?"

Wasomaji, alikuwa amekwisha kuitenga fedha. Ilikuwa katika kitambaa, juu ya kabati.

Nikamwapia kwamba sikuiba. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Sasa kwa nini wakakutoa?"

"Hawakusema, mama."

"Na yule mtunza stoo, ulimuuliza kabla ya kusoma?"

Sikuwa nimemuuliza. Niliporudi shuleni nikaenda kumuuliza, nikaambiwa kwamba magunia yale yalikuwa yamerudishwa kwa mwuzaji tangu Ijumaa, siku tatu kabla ya mimi kusoma, na mengine mapya yalikuwa njiani. Kwa hiyo nilisema kweli nusu, na pengine nilistahili kuondolewa. Laiti mtu mmoja angesimama mstarini akasema, "Ndugu huyu amepumzishwa kwa kuwa alisoma habari ambayo hakuikamilisha," ningeona aibu siku moja, mama yangu angelala usingizi miezi miwili, na rafiki yangu tungeendelea kugawana dawa ya meno. Nilihamia hapa kidato cha tatu kwa sababu za nyumbani, si kwa sababu ya maharage. Hilo nalo sharti niliseme, maana wapo hapa hapa wanaodhani vingine.

Ndiyo maana hoja ya mdahalo iliniuma. Sidai tena kwamba kituo hakina haki ya kumwondoa mtu. Nadai kwamba kikimwondoa, kiseme, na kiseme mahali pale pale alipokuwa akionekana, na aliyeondolewa apewe nafasi ya kuaga. Siku hizi kunyamaza hakusaidii hata kidogo. Zamani mtangazaji akitolewa alikwenda kijijini kwao, habari ikafa. Leo atafungua chaneli yake mtandaoni jioni ile ile, atasema upande wake peke yake kama nilivyosema mimi bombani, na walionyamaza watabaki kukanusha.

Hapa shuleni kwetu Chama cha Habari husoma taarifa kila Jumamosi kabla televisheni haijafunguliwa. Nimechaguliwa katibu wake mwaka huu, nami nimepeleka ombi kwa mwalimu mlezi. Ombi lenyewe ni fupi. Msomaji wa habari akiondolewa, yule anayemfuata aanze kwa sentensi moja ya kusema kwa nini. Aliyeondolewa apewe dakika mbili za kuwaaga wasikilizaji. Na yule anayejiondoa kwa hiari yake afanye vivyo hivyo, asitoroke tu kwa kununa.

Mwalimu ameliangalia ombi kwa makini, akaniita ofisini. Alisema kwamba sababu nyingine si za kutangazwa, kama ugonjwa au msiba au mambo ya nyumbani ya mwanafunzi. Nikakubali, tukaongeza maneno "isipokuwa kwa sababu zake za faragha". Akasema pia kwamba mtoto aliyekasirika akipewa dakika mbili mbele ya watu mia kadhaa, atazitumia kutukana. Nikamweleza juu ya Conan O'Brien aliyepewa siku kumi, na NBC haikuanguka, ingali ikitangaza mpaka leo. Mwalimu akatabasamu. Akauliza, "Huyo bwana alikuwa na umri gani?"

Nikasema miaka 46.

"Na wewe?"

Hapo sikuwa na jibu, na bado sina.

Kura itapigwa na wanachama Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Waliounga mkono hoja ile ya mdahalo wengi wao ni wanachama, kwa hiyo sijipi matumaini makubwa, ingawa rafiki yangu wa lori amenidokeza kwamba huenda akanipa kura yake ikiwa nitaandika hapa kwamba mfano wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri.

Mimi mwenyewe nitaacha kusoma habari mwezi wa Oktoba, kwa ajili ya mtihani wa Taifa wa kidato cha nne. Iwe kura imepita au haikupita, nimeomba dakika zangu mbili za kuaga. Mwalimu mlezi amenipa moja.